Django: pakia rekodi zenye uhusiano mapema

Kwenye Django, fremu ya Python ya kujenga tovuti, ukurasa wa vitabu 100 na majina ya waandishi wake unaweza kuisumbua hifadhidata mara 101: mara moja kwa orodha ya vitabu, kisha mara moja kwa kila kitabu kumtafuta mwandishi wake. Ukijaribu na rekodi kumi kwenye kompyuta yako hutahisi kitu. Data ikijaa, ukurasa unaanza kujikokota.

Hatua ya 1: Hesabu maswali

Usirekebishe kwa kubahatisha. Hesabu kwanza maswali (queries), yaani maombi ambayo Django inaituma hifadhidata. `DEBUG` ikiwa `True`, endesha:

```python
from django.db import connection, reset_queries

reset_queries()
for k in Kitabu.objects.all():
    print(k.mwandishi.jina)
print(len(connection.queries))
```

Chungulia `connection.queries`. Ukiona `SELECT` ileile inajirudia, kinachobadilika ni id tu, basi umemkamata mchawi.

Hatua ya 2: Uhusiano wa rekodi moja

Kwa `ForeignKey` na `OneToOneField`, yaani sehemu za modeli zinazoelekeza kwenye rekodi moja tu nyingine:

```python
Kitabu.objects.select_related("mwandishi")
```

Majedwali yanaunganishwa kwa `JOIN`, na swali linabaki moja. Taja uhusiano unaouhitaji tu. Mabano yakiwa matupu, Django hufuata kila `ForeignKey` isiyoruhusu null (thamani tupu), nawe unabeba mzigo usio na kazi nao.

Hatua ya 3: Uhusiano wa rekodi nyingi

```python
Mwandishi.objects.prefetch_related("vitabu")
```

(`vitabu` ni `related_name` niliyoiweka kwenye modeli, yaani jina la kuvifikia vitabu kutoka kwa mwandishi.) Hapa maswali ni mawili: la waandishi, na la vitabu vyao vyote kwa `IN`. Python ndiyo inayompa kila mwandishi vitabu vyake.

Hatua ya 4: Usichuje ndani ya kitanzi

Hapa ndipo nilipoteza siku nzima. Nilikuwa nimeweka `prefetch_related` vizuri, lakini ndani ya kitanzi nikaandika `m.vitabu.filter(mwaka__gte=2020)`. Ukiita `filter()`, Django inatunga swali jipya na vile vilivyokwisha kupakiwa havitumiki. Maswali hayakupungua, liliongezeka moja. Chuja wakati wa kupakia:

```python
from django.db.models import Prefetch

vipya = Kitabu.objects.filter(mwaka__gte=2020)
waandishi = Mwandishi.objects.prefetch_related(
    Prefetch("vitabu", queryset=vipya, to_attr="vitabu_vipya")
)
```

`m.vitabu_vipya` sasa ni orodha ya kawaida ya Python. Ipitie upendavyo.

Hatua ya 5: Linda kazi yako

Weka hili ndani ya jaribio (test) la Django:

```python
with self.assertNumQueries(2):
    self.client.get("/waandishi/")
```

Mwenzako akiongeza `kitabu.mchapishaji.jina` kwenye kiolezo (template) bila kuupakia uhusiano huo, jaribio hili litafeli palepale, kabla watumiaji hawajaanza kulalamika.