Saa 72 za kwanza baada ya kubakwa: ukimsindikiza ndugu yako hospitali

Hospitali kwanza, polisi baadaye. Dawa za PEP za kuzuia Virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, kisha zimezwe siku 28 bila kuruka. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kutumika hadi saa 120, ila nguvu yake hupungua kadiri unavyochelewa.

Asioge wala asifue. Ushahidi mwingi hupotea hapa, mara nyingi kwa mkono wa mama au shangazi mwenye huruma aliyekimbilia kuchemsha maji. Kama ameshaoga, nendeni vivyo hivyo. Matibabu yapo palepale. Kila vazi litiwe kwenye mfuko wake wa karatasi ya khaki. Nailoni hufungia unyevu, nguo ikaota ukungu.

Hospitali ya Kenyatta jijini Nairobi, au hospitali nyingine ya umma nchini Kenya, daktari hujaza fomu ya PRC, yaani fomu ya huduma baada ya kubakwa. Kagueni saini na tarehe kabla hamjatoka, maana fomu yenye mapengo huyumbisha kesi. P3, fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, haiuzwi.

Mkizungushwa, tajeni Kifungu cha 43 cha Katiba: matibabu ya dharura hayanyimwi mtu. Msaada wa simu ni 1195, bila malipo, usiku na mchana.