Ndugu yako kavuka Ruvuma? Hivi ndivyo anavyoomba hifadhi

Tangu mapigano yaanze Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 2017, na zaidi baada ya mji wa Palma kuvamiwa Machi 2021, vijiji vya Tanzania vya kando ya mto Ruvuma vimezoea wageni wa usiku. Wanashuka mtumbwini na viroba vyao, wanaulizia kwa shemeji au kwa bibi, na mlango unafunguliwa, maana Wamakonde wa huku na wa ng'ambo ni watu wamoja. Ukarimu huo mzuri. Ila mgeni akifichwa ndani mwezi mzima, siku akikutwa anahesabiwa mhamiaji haramu, na wewe mwenyeji una kesi ya kujibu.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inampa siku 7 tangu aingie nchini. Ndani ya siku hizo ajitokeze kwa afisa aliyeidhinishwa, kwa mtendaji wa kijiji au kwa mlinzi wa amani wa mahakama. Kwa hiyo msihangaike kutafuta nauli ya Mtwara mjini. Akishalala na kunywa uji, mpeleke kwa mtendaji, mkipitia kwa mwenyekiti wa kitongoji ili asije akasikia habari mitaani. Siku 7 zikiwa zimeshapita kwa sababu ya ugonjwa au woga, nendeni vilevile na mweleze kilichowachelewesha. Kwenda wenyewe ni afadhali kuliko kukutwa.

Mbele ya mtendaji aseme waziwazi kwamba amekimbia vita na anaomba hifadhi. Wengi wakiona sare wanatetemeka, wanadai wamekuja kusalimia ndugu. Basi wanaandikwa wageni wasio na vibali, na wasio na vibali wanarudishwa. Mwaka 2021 maelfu walirudishwa Msumbiji kupitia mpaka wa Negomano, na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilipaza sauti kwamba kati yao wamo waliohitaji ulinzi. Mumuombe mtendaji barua yenye mhuri inayotaja jina, kijiji alikotoka, tarehe aliyovuka na watu alioongozana nao. Kapigeni kopi.

Kutoka hapo mambo yanakwenda Uhamiaji, na anahojiwa. Hapa ndipo pa kutuliza akili. Jina liwe moja kila mahali. Kama kwenye kitambulisho cha Msumbiji ameandikwa jina la Kireno na nyumbani anaitwa jina jingine, ayataje yote mawili tangu siku ya kwanza. Tarehe zikimpotea, asibuni. Aseme ilikuwa wakati wa kuokota korosho au mvua zilipoanza, kisha aeleze kwa mfuatano: walivamiwa wapi, alilala wapi, nani alibaki nyuma. Kiswahili kikimpiga chenga aombe mkalimani wa Kimakonde, Kimwani, Kimakua au Kireno. Wewe uliyemsindikiza usimjibie, hata kama unaona anajikanyaga. Maswali yakiwa makali msichukie: kijiji cha Kitaya, huku kwetu Mtwara, kilivamiwa Oktoba 2020, na askari wa mpakani wana sababu ya kuwa macho.

Maombi yanapelekwa kwenye kamati ya taifa iliyowekwa na sheria hiyo, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kuomba hifadhi hakulipiwi. Akitokea kijana wa mjini anayedai ana mtu wizarani wa kuharakisha faili, mwambieni aendelee na safari yake.

Msaada wa haraka hausubiri uamuzi. Mwenye jeraha la risasi au panga achukuliwe PF3, fomu ya matibabu ya majeruhi, polisi. Akiwa anavuja damu, hospitali kwanza, fomu ifuate. Mtoto aliyefika peke yake aripotiwe kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Aliyepotezana na mke au watoto njiani aende Msalaba Mwekundu, wanatafuta ndugu bure.

Kuna jambo ambalo wenyeji hawapendi kumwambia mgeni, nalo aambiwe mapema. Zamani, enzi za vita vya ukombozi, Wamsumbiji walipewa makazi Rutamba, Lindi, wakalima. Siku hizi mkimbizi anatakiwa aishi eneo lililotengwa, na kambi ya Nyarugusu iko Kasulu, Kigoma, upande wa pili kabisa wa nchi. Chakula na matibabu anavipata huko, na kutoka ni kwa kibali. Asiyejua hilo huomba akitegemea kubaki kwa shemeji, kisha akasusa katikati.

Wale vijana wa Kihabeshi na Kisomali wanaokamatwa porini wakielekea Afrika Kusini, utaratibu wa kuomba hifadhi ni wao pia: anayeogopa kurudi kwao amwambie afisa wa Uhamiaji palepale, kabla hajapelekwa mahakamani. Anayetaka kurudi kwao kwa hiari aombe kuunganishwa na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, ambao husaidia hati za safari na tiketi.