Safari ya ndege ndogo visiwa vya magharibi mwa Scotland: anza na maji, ramani baadaye

Mwenzangu wa klabu, kijana wa Mombasa aliyepata leseni mwaka jana, alinijia na ramani aliyokwisha kuichora: Perth, Oban, Glenforsa, Barra, Plockton, kisha nyumbani. Mistari imenyooka, vituo vimezungushiwa duara. Nikamuuliza, "Barra unatua saa ngapi?" Akanijibu, "Nikifika." Tulikaa jioni nzima mezani, na haya ndiyo tuliyoyafanya. Kuchora njia, kupima mzigo na kujaza mpango wa safari unajua, kwa hiyo nayaruka.

Hatua ya 1: Chagua siku, kisha ongeza mbili

Mei na mwanzo wa Juni ndiyo chaguo langu. Mvua ya magharibi huwa na nafuu kidogo, na usubi bado haujajaa. Mwangaza wa Juni unadanganya, lakini: jua linazama karibu saa nne usiku, ila viwanja vingi vya visiwani vimefungwa zamani. Siku mbili za ziada si anasa. Mwambie bosi wako mapema kwamba huenda ukachelewa, usije ukaruka ndani ya wingu kwa sababu Jumatatu kuna kikao.

Hatua ya 2: Piga simu

Karibu kila kiwanja huko kinataka idhini kabla hujaja, wenyewe wanaita PPR. Wengine hutuma barua pepe au kujaza fomu. Mimi napiga simu. Fomu haikwambii kwamba nyasi za upande wa mashariki zimelowa tangu Jumapili. Uliza saa za kufungua, mafuta, bima wanayotaka na nafasi ya kulaza ndege. Mafuta hasa: Oban ndipo tunapojaza, na safari nzima tunaihesabu kana kwamba kwingine kote hakuna tone.

Hatua ya 3: Maji ya Barra

Hapa ndipo nilipopoteza jioni yangu mwaka wa kwanza, kwa hiyo vumilia.

Uwanja wa Barra ni ufukwe, Traigh Mhòr, kaskazini mwa kisiwa. Ndege zimekuwa zikitua hapo rasmi tangu 1936, na mpaka leo Twin Otter ya abiria kutoka Glasgow inatua mchangani. Njia za kurukia ni tatu, ncha zake zimewekewa nguzo za mbao, na maji yakijaa zote tatu ziko chini ya bahari. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa maji kujaa na kupwa, wala bamvua na maji mafu. Nami nilijiamini kwa sababu hiyo hiyo. Nimekulia Tanga, nikajiambia hili langu.

Kilichonishinda hakikuwa bahari, kilikuwa saa. Majedwali mengi ya maji yaliyochapishwa Uingereza hutoa nyakati kwa saa za Greenwich mwaka mzima. Lakini kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa za ukutani ziko saa moja mbele. Hali ya hewa na mpango wa safari navyo ni Greenwich. Programu ya simu niliyokuwa nayo ilikuwa imekwisha kugeuza kuwa saa za kiangazi bila kusema. Na juu ya yote hayo kuna kichwa changu, ambacho kikiona 11:40 kinasoma saa tano na dakika arobaini kabla sijakiuliza. Saa za aina nne zinagombana kwenye karatasi moja.

Nilichofanya: jedwali la kitabu nikalichukua kama lilivyo, nikasahau kuongeza saa moja. La programu, ambalo lilikuwa sahihi, nikaliongezea saa moja. Sasa nikawa na majibu mawili, na hakuna hata moja la kweli. Nikakaa karibu saa tatu nikitafuta kosa kwenye umbali, kwenye upepo, kwenye bandari niliyoitumia. Asubuhi nikapiga simu Barra kuomba idhini, nikawatajia muda niliotaka kuondoka. Sauti ya upande wa pili ikanyamaza kidogo, kisha ikaniambia kwa upole kwamba saa hizo magurudumu yangu yatakuwa yanaogelea.

Tangu siku ile nina utaratibu:

- Karatasi moja, safu mbili tu: Greenwich na saa za ukutani. Saa za Kiswahili zinabaki za kuulizia chai.
- Majedwali mawili yakipishana kwa saa moja kamili, kosa ni la saa. Yakipishana kwa dakika chache, ni tofauti ya bandari, na hilo halikuumizi.
- Tafuta wakati wa maji kupwa kabisa, ufike kabla yake. Ukichelewa nusu saa, bado maji yanatoka. Ukipanga kufika baada yake, kila dakika ya kuchelewa inakula ufukwe wako.
- Panga na saa ya kuondoka. Watu wanahesabu kutua, wakinywa kahawa wanasahau kwamba bahari haijakaa kuwasubiri.
- Kesho si leo. Maji yanasogea kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo mpango ukiahirishwa unahesabiwa upya.

Kisha kuna jambo ambalo jedwali haliwezi kukuambia. Limehesabiwa kwa hewa ya kawaida. Mgandamizo ukishuka kwa hektopaskali moja, bahari hupanda kwa kama sentimita moja. Ukisikia 983, yaani 30 chini ya kawaida, jua kuna sentimita 30 za maji ambazo hazimo kitabuni, na upepo wa kuelekea nchi kavu unaongeza zake. Ufukwe ule ni tambarare; sentimita 30 zinafunika eneo kubwa. Kwa hiyo neno la mwisho ni la watu wa uwanjani, ambao wanauona mchanga wenyewe. Hata kama hesabu yako ni safi, wakisema hapana ni hapana.

Hatua ya 4: Urefu wa njia, kwa hesabu

Tunaruka Cessna 172S. Kitabu chake, kwa mzigo kamili, usawa wa bahari na nyuzi 15, kinasema futi 1,630 kutoka kusimama hadi kuvuka kizuizi cha futi 50, yaani mita 497. Kijana akafurahi: Glenforsa, kiwanja cha nyasi huko Mull, kina kama mita 780.

Subiri. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza inashauri uzidishe kwa 1.3 kwa nyasi zilizolowa, halafu kwa 1.33 ya usalama. 497 mara 1.3 ni 646, mara 1.33 ni 859. Hutoshi. Nyasi kavu, kwa 1.2, unapata 793, bado. Plockton ni lami lakini ni mita 600 hivi, na 497 mara 1.33 ni 661.

Alinitazama kama niliyemharibia harusi. Dawa ni uzito: asilimia kumi ikiongezeka, umbali wa kuruka huongezeka kwa kama asilimia 20, na ukipunguza unarudishiwa. Tukamwacha abiria wa tatu na begi lake, karibu kilo 115. Glenforsa ikatosha hata ikiwa imelowa, Plockton ikatosha kwa kubana. Kutua nako kuna vizidisho vyake; vifanyie hesabu hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Kuvuka bahari

Kutoka kisiwa cha Tiree moja kwa moja hadi Barra ni zaidi ya maili 30 za baharini. Injini ikizima kwenye futi 5,000, Cessna hii inateleza maili 7 hivi. Maana yake kuna dakika kama kumi ambazo hufiki ufukwe wowote, na maji ya huko ni ya baridi hata Julai. Mimi napita kisiwa cha Skye, navuka mlango wa bahari wa Little Minch panapokaribia maili 15, kisha nashuka kusini nikifuata pwani ya mashariki ya visiwa vya Uist. Ni mbali zaidi, na sibishani na mtu. Soma notamu, yaani matangazo ya tahadhari kwa marubani, za eneo la majaribio ya makombora la Hebrides (ndilo jina la visiwa hivi) kabla ya kuchora hapo.

Jaketi okozi livaliwe tangu mwanzo, lisiwekwe kiti cha nyuma. Na liwe la kuvuta kamba kwa mkono. Yale ya mashua yanayojijaza yenyewe yakigusa maji ni mtego: yanafura ukiwa bado ndani, yanakubana darini, na mlango uko chini yako. Kijana alikuwa amekwisha kununua mawili. Alirudisha.

Hatua ya 6: Asubuhi ya safari

Fomu 215, utabiri wa anga ya chini wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, kisha simu nyingine. Wingu likikaa chini ya vilele, usiingie bondeni ukitumaini upande wa pili ni kweupe. Mabonde yale yanapanda na kuna nyaya za umeme. Ndege yako ikiwa na kabureta, vuta hewa ya moto mara kwa mara, hewa ya huko ina unyevu mwingi.

Hatua ya 7: Mchangani

Vua vifuniko vya magurudumu kabla ya safari. Tua penye mchanga mgumu, kwepa vidimbwi, usikanyage breki isipokuwa lazima. Ukirudi, mpira wa maji baridi kabla ya kitu kingine chochote: chini ya mabawa, magurudumu, bawaba za usukani. Sisi tulimaliza kuosha saa mbili usiku, jua bado liko juu, na chumvi ilikuwa inaendelea kutoka kwenye bawaba za mkia.