Krismasi kijijini pwani ya Ayalandi bila gari: jinsi ya kujipanga usikwame

Kabla hujalipia chumba jua hili kwanza: tarehe 25 Desemba Ayalandi hakuna usafiri. Treni hakuna, basi hakuna, hata uwanja wa ndege wa Dublin na wa Cork vinafungwa siku hiyo. Tarehe 24 treni na mabasi vinawahi kulala, na tarehe 26, ambayo wao wanaiita siku ya Mtakatifu Stefano, treni za mikoani bado zimelala na mabasi yanayotoka ni ya kuhesabu. Kwa hiyo mtu asiye na gari aingie kijijini tarehe 23, au 24 asubuhi kama kazini wamembana, na asipange kutoka kabla ya 27. Ukishalikubali hilo, mengine yote ni mepesi.

Halafu kwa wale mlioko Uingereza au Ujerumani na bado mna pasipoti ya Kenya au Tanzania, Ayalandi ina viza yake yenyewe jamani. Viza ya Uingereza haikuingizi, ya Schengen haikuingizi, na maombi yanachukua muda, sasa we ukianza kuulizia Desemba ushachelewa. Hela ni euro. Plagi ni zile zile za pini tatu za nyumbani, anayetokea Ujerumani ndo atahitaji adapta.

Kuchagua kijiji ndo kazi kubwa, na hapa watu wengi wanachagua kwa picha. Nyumba imeandikwa iko pwani, kumbe iko kilomita nne kutoka dukani, barabara nyembamba haina hata sehemu ya kupita mguu, na giza linaingia mapema. Fungua ramani uangalie vitu vinne: duka, kanisa, baa na bahari, vyote uvifikie kwa mguu ndani ya dakika kumi. Kimoja kikikosekana tafuta kijiji kingine.

Mimi ningekwambia nenda Ardmore, kaunti ya Waterford, upande wa kusini. Ni kijiji kidogo, mtaa mmoja unaoshuka ufukweni, mchanga mrefu, na kila kitu kimekusanyika pale pale. Kutoka Dublin unapanda treni stesheni ya Heuston hadi Cork Kent, mwendo wa kama saa mbili na nusu hivi, tiketi kata mtandaoni mapema maana ukingoja siku yenyewe bei inapaa. Ukishuka Cork tembea kama dakika kumi mpaka stendi ya mabasi ya Parnell Place, chukua basi namba 260 la Bus Éireann linalopita Midleton na Youghal. Sasa sikiliza vizuri hapa, mabasi mengi yanaishia Youghal, yanayofika Ardmore ni machache kwa siku, kwa hiyo panga treni kufuata basi, usipange basi kufuata treni. Ratiba iangalie kwenye programu ya TFI Live tena wiki ile ile ya safari, maana za sikukuu zinabadilika. Likikupita, nenda na la Youghal halafu umalizie kwa teksi, ni kama kilomita 15. Na teksi za vijijini hazisimami barabarani ukapunga mkono, lazima upige simu uagize, tena sikukuu agiza siku kadhaa kabla. Mwulize mwenye nyumba akupe namba ya dereva wa hapo, wanajuana wote.

Chakula nunua chote kabla. Mchana wa tarehe 24 maduka yanaanza kufunga, 25 kimya kabisa, na 26 usikitegemee kiduka cha kijijini. Ukipita Cork ingia soko la English Market, pale msimu huu wanauza nyama ya ng'ombe iliyolowekwa viungo, spiced beef, ni kitu cha Cork cha Krismasi na kwa sie tuliozoea pilau harufu yake haitupi shida, unaichemsha taratibu unaikata vipande vyembamba, inaliwa hata ya baridi siku tatu. Bata mzinga mzima wa kilo tano kwa watu wawili ni kujitesa, tena uubebe kwenye basi! Unga wa ugali na mambo yetu yabebe kutoka mjini, Dublin maduka ya Waafrika yapo mtaa wa Moore na kuzunguka pale, kijijini hutapata. Na kama unakunywa, pombe nayo nunua mapema, sheria yao inazuia kuuza Krismasi, baa zinafungwa siku nzima.

Baridi yenyewe sio ya kutisha, theluji pwani ile ni nadra, joto linacheza nyuzi 8 hivi. Kinachokutesa ni upepo na mvua ya pembeni, mwavuli ni mzigo tu, beba koti lisilopitisha maji lenye kofia. Ndani ya nyumba kuna vitu viwili vya kujifunza. Maji ya moto: nyumba nyingi za zamani zina tangi ndani ya kabati na swichi kubwa, pembeni kuna kaswichi kameandikwa "sink" na "bath". Sink inachemsha maji ya juu tu ya kuoshea vyombo, bath inachemsha tangi zima, na ukimaliza zima, wenyeji wana vita ya maisha na hiyo swichi kwa sababu inakula umeme. Cha pili ni jiko la chuma la sebuleni. Fungua tundu la hewa la chini, weka vipande viwili vya kiwashio katikati, juu yake vijiti vikavu, vikishika ndo unasimamisha briketi za mboji (peat, udongo wa kinamasi uliokaushwa wa kuwashia moto) tatu nne zikiegemeana kama mahema, funga mlango, na moto ukikaa sawa punguza hewa, la sivyo gunia linaisha kwa usiku mmoja. Hakikisha king'ora cha hewa ya sumu kinafanya kazi, na yale makaa ya kuchomea nyama usithubutu kuyawasha ndani.

Siku yenyewe jua linachomoza karibu saa 2:40 asubuhi na linazama kama saa 10:25 jioni, kwa hiyo usilale mpaka mchana. Misa nyingi siku hizi ni jioni ya tarehe 24 na asubuhi ya 25, tangazo utalikuta mlangoni kwa kanisa. Asubuhi pia kwenye fukwe nyingi za huko utakuta watu wanakimbilia baharini kuogelea, maji nyuzi 10 au 11, ukitaka kujaribu ingia na watu, toka haraka, vaa soksi kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nashauri kusimama kando na chai.

Mchana upepo ukiwa umetulia zunguka njia ya miambani, kama kilomita nne. Inaanzia juu ya mtaa ukishaipita hoteli ya Cliff House, unapita kisima cha Mtakatifu Declan, ambaye simulizi za pale zinasema alihubiri kabla ya Patrick mwenyewe, mtakatifu mlezi wa Ayalandi, halafu chini ya mwamba utaona mabaki ya Samson, meli ya winchi iliyosukumwa na dhoruba mpaka pale Desemba 1987, bado imelala inakula kutu. Njia inarudi kwenye mnara wa mawe wa karne ya 12, urefu kama mita 30, na pembeni kanisa lililobomoka ambalo ukuta wake wa magharibi umechongwa picha za Biblia, zimelika na mvua lakini ukizitazama vizuri utawakuta Adamu na Hawa, na Mamajusi wakileta zawadi. Met Éireann, watu wa hali ya hewa wa Ayalandi, wakitoa onyo la chungwa au jekundu kaa ndani, chaji simu na pawabenki mapema, umeme huwa unakatika.

Tarehe 26 kijiji kinafufuka, baa zinafunguliwa, watu wanatembea ufukweni na mbwa na kila mtu anakusalimia, na we salimia, wakikuuliza umetoka wapi sio uchunguzi, ni maongezi tu.

Kurudi tarehe 27 wahi kituoni dakika kumi kabla, na basi ukiliona nyoosha mkono, dereva asipoona mkono anapita. Kama unatembea barabarani asubuhi bado giza vaa reflekta, kaa upande wa kulia ili magari yaje usoni kwako, na tiketi ya treni ya Cork kwenda Dublin iwe imeshikiliwa na kiti tayari maana siku hiyo nchi nzima inarudi.