Somo: Kukagua undugu katika wasifu wa wafalme, kwa mfano wa nyumba ya Louis VII

Makosa ya undugu katika wasifu wa wafalme wa zama za kati huzaliwa na mambo mawili: majina machache yanayorudiwarudiwa, na wafalme waliooa zaidi ya mara moja. Louis VII wa Ufaransa ana yote mawili. Alikuwa na wake watatu, na mabinti wawili wenye jina moja. Anayeandika habari zake afuate hatua hizi.

1. Panga ndoa kabla ya watoto. Eleanor wa Aquitaine aliolewa 1137, ndoa ikabatilishwa Machi 1152. Constance wa Castile aliolewa 1154, akafariki Oktoba 1160 kwa uzazi. Adela wa Champagne aliolewa Novemba 1160, wiki chache tu baada ya msiba. Hapo ukiandika mwaka bila mwezi, ni rahisi kumpa Adela mtoto wa Constance.

2. Kila mtoto akae chini ya mama yake. Wa Eleanor ni Marie (1145) na Alix (takriban 1150). Wa Constance ni Margaret (1158) na Alys (1160). Wa Adela ni Philip II (1165) na Agnes. Katika rasimu usiandike jina tupu; andika "Alix wa Eleanor" na "Alys wa Constance". Usitegemee tahajia, maana vitabu huwaita wote wawili Alix, Alys au Alice.

Hapa ndipo kosa baya kuliko yote hutokea. Richard, mwana wa Eleanor kwa Henry II wa Uingereza, alichumbiwa Alys mwaka 1169. Ukichanganya mabinti hao, umemposea Richard dada yake wa mama mmoja! Miaka inakataa: Eleanor aliachana na Louis 1152, Alys akazaliwa 1160.

3. Fuata uzazi kidato kwa kidato, neno la undugu liandikwe mwisho. Richard, mama yake Eleanor, binti wa Eleanor ni Marie, mwana wa Marie ni Henry II wa Champagne. Basi Richard ni mjomba wa Henry. Sasa upande wa pili: Philip, baba yake Louis, binti wa Louis ni Marie, mwana wake Henry. Philip naye ni mjomba. Taja daima "wa baba mmoja" au "wa mama mmoja". Ukiandika "ndugu" tu, msomaji ataelewa vibaya.

4. Ukipata njia moja ya undugu, tafuta ya pili. Marie na Alix waliolewa na Henry I wa Champagne na Theobald V wa Blois, ambao ni kaka zake Adela. Yaani mabinti waliolewa na kaka za mama yao wa kambo, na wanaume hao kwa Louis ni wakwe na ni mashemeji pia.

Maswali

*Kama Henry alikuwa mpwa wa Richard na wa Philip, je, wafalme hao walikuwa ndugu?*
Hapana, si wa baba wala wa mama. Marie alichangia mama na Richard, na baba na Philip. Undugu wa nusu haupiti upande wa pili.

*Sehemu moja Henry ni mpwa wa Philip, nyingine ni binamu yake. Lipi lifutwe?*
Usifute lolote. Kwa Marie ni mpwa; kwa baba yake, aliye kaka wa Adela, ni mtoto wa mjomba. Wala umri usikutishe: Philip alizaliwa 1165, Henry 1166.

*Margaret aliolewa na Henry Mdogo, mwana wa Eleanor. Eleanor alikuwa mama yake wa kambo?*
Hapana. Margaret alizaliwa miaka sita baada ya Eleanor kuondoka. Ni mkwe wake tu. Ndoa ilifungwa 1160, bwana harusi ana miaka mitano na bibi harusi miwili, kwa hiyo usiandike kwamba walipendana wakaoana.

*Mwaka wa kuzaliwa ukiwa na utata nifanyeje?*
Weka mipaka. Eleanor hutajwa 1122 au 1124. Andika yote miwili. Kwa Alix, wazazi walirudi kutoka vita vya msalaba 1149 na ndoa ikabatilishwa Machi 1152. Katikati ya tarehe hizo mama hawezi kuwa mwingine ila Eleanor, hata kama mwezi wenyewe haujulikani.