Mto Uliobeba Kazi za Mji: Mwongozo wa Kukusanya na Kuhifadhi Kumbukumbu Zake

Mto wa mjini unapoacha kubeba shehena, majengo yake hudumu kuliko watu wake. Kontena ndizo zilizoharakisha mambo: safari ya meli Ideal X mwaka 1956, kutoka Newark hadi Houston ikiwa na kontena 58, ilifungua njia ya meli kubwa zisizoweza kuingia katika gati za zamani, na kufikia 1981 Royal Docks za London zilikuwa zimefungwa kwa shughuli za mizigo. Maghala ya namna hiyo hugeuzwa nyumba za kuishi na kubandikwa kibao cha historia, lakini ujuzi wa kupitisha tishari, yaani boti bapa la mizigo, chini ya daraja kwa makasia, mkondo ukiwa ndio injini, haumo katika kibao chochote. Hatua zinazofuata zimepangwa ili ujuzi huo ndio upatikane kwanza.

Hatua ya kwanza: chagua kipande cha mto, kisha orodhesha kazi zake

Usianze na mto mzima. Chukua sehemu moja, kwa mfano kati ya madaraja mawili, na uandike kila kazi iliyofanyika hapo: makuli, waendesha matishari, mabaharia wa vivuko, makarani wa kuhesabu shehena, mafundi wa kuziba boti, wachimba mchanga, wavuvi, wafua nguo, na wanawake waliowapikia makuli. Hao wa mwisho hawamo katika orodha za mishahara za kampuni yoyote, na mradi unaoanzia katika orodha hizo utawakosa bila hata kujua kwamba umewakosa.

Hatua ya pili: soma karatasi kabla ya kumwendea mtu

Pitia ramani za zamani, magazeti, daftari za bandari na taarifa za ajali. Lengo si kumsahihisha msimuliaji, bali kupata vigingi vya kufungia kumbukumbu zake. Watu wachache hukumbuka mwaka, ila karibu kila mtu anajua kama jambo lilitokea kabla au baada ya mgomo fulani au mafuriko fulani. Kwa wazee wa kingo za Thames, mto wa London, usiku wa 31 Januari 1953, bahari ilipofurika hadi mtoni, ni kigingi cha aina hiyo.

Hatua ya tatu: pata idhini kabla ya kuwasha kinasa sauti

Andika fomu fupi, kwa lugha nyepesi, inayomwezesha msimuliaji kuamua kama jina lake litajwe, kama sehemu fulani ya mazungumzo ifungwe kwa miaka kadhaa, na namna ya kuondoa mazungumzo yake akibadili nia. Mazungumzo ya gatini mara nyingi hufika kwenye kudokoa shehena, na anayesimulia anaweza kumtaja mtu ambaye watoto wake wangali hai. Basi mrudie mwishoni mwa mazungumzo na umuulize tena, kwa sababu idhini ya mwanzo ilitolewa kabla hajajua atasema nini.

Hatua ya nne: mahojiano

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Tandaza ramani kubwa mezani na umpe msimuliaji penseli. Swali la "maisha yalikuwaje?" huleta jibu lile lile kila mara, yaani kwamba maisha yalikuwa magumu lakini watu walipendana. Uliza badala yake: "Maji yakijaa saa kumi alfajiri, wewe uliamka saa ngapi, na ulipita njia gani hadi gatini?" Katika mto unaopwa na kujaa, kilele cha maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo ratiba ya mfanyakazi wa tishari ilizunguka saa zote za mchana na usiku, na swali hilo moja litakuletea usingizi, chakula, ndoa na malezi bila kuyaulizia. Pale ambapo mto hauna kupwa na kujaa, uliza kuhusu msimu wa maji mengi na msimu ambao vyombo hukwama mchangani.

Mikono ya msimuliaji inahitaji uangalizi wa pekee. Mtu aliyefunga kamba kwa miaka mingi atasema, "Unaishika hivi, unaizungusha hivi, halafu unaiachia," na kinasa sauti kitabaki na "hivi" mbili zisizo na maana yoyote. Ni wajibu wa mhoji kutamka anachokiona, kwa upole na bila kukatiza: "Kwa hiyo mkono wa kushoto unashikilia upande wenye mzigo, na wa kulia ndio unaopitisha ncha chini yake?" Naye mara nyingi atajibu, "Hapana, chini ukipitisha utakatika vidole," na hapo ndipo maelezo halisi ya kazi yanapoanza. Mpe kamba kama ipo, na kama ana nguvu za kutembea, fanyeni mazungumzo ya pili ukingoni kwenyewe, kwani ngazi ya mawe au pete ya chuma iliyobaki ukutani huamsha mambo ambayo sebule haiyaamshi.

Wasimuliaji wawili wakitofautiana, usiwapatanishe. Karani na kuli waliosimama kwenye gati moja waliona bandari mbili, na tofauti yao ni sehemu ya ushahidi. Hifadhi masimulizi yote mawili kama yalivyo.

Hatua ya tano: picha na vitu

Piga nakala ya picha pande zote mbili, kwa nukta 600 kwa inchi, na umrudishie mwenyewe picha yake siku hiyo hiyo. Kisha ithibitishe. Mto Cuyahoga wa Cleveland uliposhika moto mwezi Juni 1969, picha iliyochapishwa na jarida la Time na kuutangaza mkasa huo kote Marekani ilikuwa ya moto mwingine, wa 1952. Linganisha madaraja, mabomba ya moshi na maandishi ya vyombo kabla ya kuandika tarehe. Kuhusu vitu vilivyomo matopeni, uliza sheria kwanza: kwenye ufuko wa Thames mjini London, hata kuokota kunahitaji kibali cha mamlaka ya bandari.

Hatua ya sita: faili

Rekodi kwa WAV (aina ya faili ya sauti isiyobanwa), biti 24 na kilohezi 48. Weka nakala tatu, katika vifaa vya kuhifadhia vya aina mbili, moja ikiwa katika jengo lingine. Jina la faili liwe na tarehe, kipande cha mto na namba ya msimuliaji. Kabla ya kunakili maneno yote, kazi inayochukua saa nyingi, tengeneza faharasa ya dakika kwa dakika inayotaja kila mahali palipoonyeshwa kwenye ramani. Maneno ya kazi yaandikwe kama yalivyotamkwa, wala usiyasanifishe.

Hatua ya saba: mtunzaji na marejesho

Kubaliana mapema na maktaba au hifadhi ya nyaraka, kwa maandishi, kuhusu nani atatunza faili na kwa masharti gani, maana diski iliyo kabatini kwa mtu mmoja haijahifadhiwa. Wasimuliaji wapate nakala zao kabla ya mtu mwingine yeyote. Halafu andaa kikao cha kusikiliza karibu na mto, na uwe na kinasa sauti kingine tayari, kwa kuwa watajitokeza watu wa kusema "haikuwa hivyo." Warekodi kama wasimuliaji wapya, wakiwa na fomu na faharasa zao, bila kuigusa rekodi ya kwanza.