Misuli ya kutafuna: ipapase usoni mwako kabla ya kushika sindano

Wengi wetu tulikariri misuli ya kichwa na shingo kwa jedwali: unapoanzia, unapoishia, neva, kazi. Mimi nilikariri hivyo hivyo. Siku mtahini aliponiambia niweke kidole juu ya maseta ya mgonjwa, neva yake niliijua, mahali pake sikupajua. Tangu hapo nafundisha vidole kwanza, majina baadaye. Nawa mikono, kaa mbele ya kioo, tuanze.

Hatua ya 1: Uma meno. Weka vidole juu kidogo ya pembe ya taya la chini. Uma kwa nguvu, legeza, uma tena. Kinachofura chini ya vidole ndicho maseta. Umetoka kwenye upinde wa mfupa wa shavu ukashuka hadi pembe ya taya. Pandisha vidole hadi panjani, uma tena: hiyo ni temporalisi. Imetanda ubavuni mwa fuvu, kisha nyuzi zake zinakusanyika kuwa kano inayopita chini ya upinde wa shavu na kushika kichomozo cha koronoidi, ncha ya mfupa iliyo juu ya taya la chini, upande wa mbele. Sasa tanguliza taya mbele halafu lirudishe nyuma, vidole vikiwa juu ya sikio. Utahisi nyuzi za nyuma zikikaza, maana hizo zimelala na kazi yake ni kuvuta taya nyuma, ilhali za mbele hulipandisha.

Hatua ya 2: Pterigoidi mbili. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo twende polepole. Mfupa wa sfenoidi, ulio kwenye kitako cha fuvu, una mabamba mawili ya pterigoidi, la ndani na la nje. Jina linakufanya udhani kila msuli una bamba lake. Sivyo. Yote miwili inategemea bamba la nje: pterigoidi ya ndani huanzia hasa kwenye uso wa ndani wa bamba hilo, na kichwa cha chini cha pterigoidi ya nje huanzia kwenye uso wake wa nje. Chora bamba moja, lipe msuli kila upande, hutachanganya tena.

Pterigoidi ya ndani hushuka hadi upande wa ndani wa pembe ya taya, na maseta imeshika upande wa nje. Misuli hiyo miwili imeibeba pembe ya taya kama mtoto kwenye mbeleko, na yote hufunga mdomo. Pterigoidi ya nje imelala, inaelekea nyuma hadi shingo ya kondili, yaani kichwa cha taya kinachoingia kwenye kiungo, na diski ya kiungo hicho. Katika misuli minne ya kutafuna, huu ndio unaosaidia kufungua mdomo. Kuupapasa kwa kidole hakuaminiki, upime kwa kazi: weka kiganja chini ya kidevu, fungua mdomo huku ukizuia.

Hatua ya 3: Uliza neva. Yote minne imetoka tao la kwanza la koromeo, moja ya matao ya kiinitete yanayojenga uso na shingo, na yote hupata neva ya mandibula, tawi la tatu la neva ya 5 ya kichwa. Basineta, msuli wa shavu, husukuma chakula kirudi kati ya meno, lakini ni msuli wa uso na neva yake ya mwendo ni ya 7. Digastriki, msuli ulio chini ya taya, ina matumbo (sehemu nene) mawili na neva mbili: la mbele ni la neva ya 5, la nyuma ni la neva ya 7, kwa kuwa yametoka matao tofauti.

Hatua ya 4: Shingo. Geuza uso kulia. Kamba inayojitokeza kushoto ni stenoklaidomastoidi, neva ya 11. Kisha weka kidole kimoja chini ya ulimi na kingine chini ya kidevu, umeze mate. Sakafu ya mdomo inayokaza kati ya vidole ni msuli wa mailohioidi. Ikumbuke hiyo, tutairudia.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Mgonjwa alichomwa ganzi ya taya la chini, siku mbili baadaye mdomo haufunguki vizuri. Nini kimeguswa?*

Marahaba. Mshuku wa kwanza ni pterigoidi ya ndani. Sindano hupenya basineta na inatakiwa iingie kwenye nafasi iliyo kati ya msuli huo na taya. Ikielekea mno upande wa ndani, kuliko msuli ulipo, huuchoma. Mpe dawa ya maumivu, kukanda kwa maji ya moto, na mazoezi ya kufungua taratibu. Pima nafasi kati ya meno ya mbele kila anaporudi. Mtu mzima kwa kawaida hufikia kama milimita 40 au zaidi. Akiwa na homa au uvimbe, tafuta maambukizi.

*Pterigoidi ya nje ya kushoto ikipooza, taya huenda wapi?*

Kushoto, mgonjwa anapofungua. Ya kulia inasukuma kondili yake mbele, ya kushoto imebaki palepale, basi kidevu kinapinda upande mgonjwa. Usichanganye na kupooza kwa neva ya 7: hapo pembe ya mdomo huvutwa upande usiopooza.

*Kwa nini usaha wa gego la mwisho la chini hushuka shingoni, na wa gego la kwanza hukaa chini ya ulimi?*

Rudi kwenye mailohioidi. Mstari wa taya ambapo msuli huo hushika hupanda kadiri unavyoelekea nyuma, kwa hiyo mizizi ya gego la pili na la tatu kwa kawaida iko chini yake. Usaha ukitoboa mfupa upande wa ulimi hapo, unaangukia nafasi ya chini ya taya. Wa gego la kwanza mara nyingi hutokea juu ya msuli. Ukiona sakafu ya mdomo imevimba pande zote mbili, ngumu, ulimi umesukumwa juu, na mgonjwa hawezi kumeza mate, acha mambo ya jino. Njia ya hewa iko hatarini, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, akiwa ameketi.